Alikuja na kinga, amerudi na kinga

Leo hatutasema juu ya mishahara. Tutasema juu ya kinga, lakini mwisho mutaona kwamba ni habari ya kazi vilevile.

Huku kwetu kinga kila mutu anaijua na hakuna anayeisifu. Simama saa kumi na moja ya asubuhi kwenye njia zinazoingia mujini: wanaume wanasukuma kinga zenye gunia za makala kupita urefu wa mutu. Mawe ya wachimbaji yamebebwa na kinga. Wagonjwa wamefikishwa hospitali na kinga, na mabibi harusi pia wamepelekwa kanisani. Kule Kasaï wanaume wanasukuma kinga siku na siku kati ya muji na muji, na mahindi, na mafuta ya ngazi. Kule Kisangani wale wa taksi ya kinga wanaitwa tolekistes, na miaka mingi wamelisha nyumba zao kwa kupiga pedali.

Yaani nchi yetu imetembea mingi na kinga. Ila hatujazoea kuona familia nzima, na muzee wao, na mutoto wao, wakishika njia ya zaidi ya kilometa 300 na kuimaliza. Sisi tulifanya hivyo mwaka jana, mwezi wa 7, wakati wa baridi, masomo yalipofungwa. Tulitoka Likasi, tukapita Lubumbashi, tukafika mukini ya baba yetu karibu na Kasenga, ukingo wa mto Luapula. Tulikuwa watu 6 na kinga 4. Tunaandika sababu wenzetu wa sendika wametuuliza sana, na sababu safari ile ilianza na karatasi moja ya kazi, ambayo pengine iko hata mu nyumba yako.

Karatasi

Baba yetu alizaliwa Luapula siku zile wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walikuwa wananunua samaki na kuwatuma ku makambi ya mine. Wasomaji wazee wanakumbuka posho: unga, maharage, samaki mukavu. Wengi wa samaki wale walitoka kule. Kwa hiyo mbele hata ya yeye kuiona mine, mto wake ulikuwa umekwisha kulisha wachimbaji.

Mwaka 1967, mwaka ule serikali ilichukua mali ya Union Minière, alikuwa kijana wa miaka 19. Mjomba wake alikuwa na kinga, moja tu mu mukini muzima. Akamwazima. Alimwambia aende atafute kazi ku miji ya mine, na akipata, kinga irudi. Kijana alipiga pedali mpaka Likasi. Kazi aliipata. Kinga aliiuza, juu ya kulipa chumba na chakula mbele ya mshahara wa kwanza. Kisha akafanya kazi zaidi ya miaka 30, ku kompani ambayo hatutaitaja hapa.

Kazi ilipoisha, muzee aliomba jambo moja: arudishwe kwabo. Hakuomba hisani. Sheria ya kazi ya nchi yetu, Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema juu ya safari za mufanyakazi. Mutu akitolewa mbali na kwake juu ya kazi, gharama za kumuleta yeye na familia yake, na za kumurudisha kazi ikiisha, ziko juu ya mwajiri. Na desturi hiyo ni ya zamani: wazee wanakumbuka familia zilizopanda treni na vitanda vyao, na masufuria, na kuku mu kikapu.

Jibu lilikuja kwanza kwa mdomo, kisha kwa barua ya mistari 4. Kwenye karatasi ya muzee, pale pa lieu d'engagement, ndiyo kusema mahali mutu alipoajiriwa, paliandikwa: Likasi. Basi kwa macho ya karatasi muzee hakutoka popote. Hakuna mukubwa wa kazi aliyeenda kumuchukua Luapula. Alijileta mwenyewe. Na mutu aliyejileta mwenyewe, hakuna anayelazimishwa kumurudisha.

Tuliandika barua zingine. Tulizunguka maofisi. Tulingoja ku mabenchi mpaka walinzi wakatujua majina. Miaka ikapita, muzee akapita 75, na macho yakaanza kufunga kidogo kidogo kama dirisha la jioni. Siku moja, tukiwa tunakula bukari, aliweka tonge chini akasema: "Kama karatasi inasema nilijiletaka mwenyewe, basi nitajirudisha mwenyewe. Munipe kinga tu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Matayarisho

Mutu atauliza: kwa nini si basi? Watu 6, gari moja mpaka Lubumbashi, nyingine mpaka Kasenga, na mizigo juu yake, kisha kurudi: tulihesabu makuta mara tatu, na kila mara hesabu ilitushinda. Tena muzee alisema kwamba ndani ya gari hataona kitu. Alitaka kupita mahali alipopita, angali anaona mwangaza na kivuli.

Tulitayarisha kwa wiki 3. Fundi wa seremala alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo na pa kuweka miguu, tukakifunga nyuma ya kinga yenye nguvu kuliko zote, ile ya mudogo wetu. Binti wa miaka 12 alikaa nyuma ya mama yake. Kijana wa miaka 16 alibeba mablanketi, na kinga ya 4 ilibeba unga, maharage, sufuria na bidon 2 za maji. Kwa matengenezo tulichukua pompi, gundi, mipira ya ndani 3, waya za gurudumu na munyororo mmoja. Nyuma ya kila kinga tulifunga kitambaa chekundu.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, tunasema hivi: mzigo uwe chini na nyuma, usiwe juu. Ukifika mlima, shuka usukume, hakuna haya. Na yule aliye muzito kwa kubeba asiwe nyuma ya wote. Awe katikati, wengine wamuone.

Njia ya lami

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120, na ni lami. Zamani lami ilikuwa ndoto yetu. Leo ndiyo kipande kilichotutisha kuliko vyote. Magari makubwa ya shaba, ya kobalti, ya chokaa na ya asidi yanapita mchana na usiku. Tuliweka sheria moja: magari mawili makubwa yakikaribia kukutana mbele yetu, sisi wote tunashuka na kuingia mu majani mpaka yapite. Tulishuka mara nyingi kabisa, binti akaacha kuhesabu. Tulikumbuka mwezi wa 2 wa mwaka 2019, karibu na Tenke, ambapo gari la asidi liligongana na basi na watu karibu 20 wakapoteza maisha. Wale hawakuwa wachimbaji chini ya shimo. Walikuwa abiria. Mutu wa sendika anapopita ile njia na watoto wake, anajua kwamba usalama wa kazi hauishi ku mulango wa fabriki.

Ku daraja ya Lufira muzee aliomba tusimame. Pale ndipo mwezi wa 9 wa mwaka 1961 askari wa Umoja wa Mataifa walizuiwa, wakashindwa kufikia wenzao Waairlandi waliokuwa wamezungukwa Jadotville, ndiyo Likasi yetu. Kijana wetu aliijua habari kutoka filme. Muzee aliijua kutoka wazee waliomuelezea alipopita na kinga miaka 6 nyuma ya ile vita. Na maji yale yale ya Lufira yanazungusha mashini za umeme kule Mwadingusha tangu 1930. Tulikunywa chai pale, tukaendelea.

Usiku wa kwanza tulilala Kapolowe. Wa pili tulilala mbele ya Luisha, mu kiwanja cha kanisa. Siku ya 3, magharibi, taa za Lubumbashi zilionekana. Binti aliuliza: "Kambo, tumefika?" Muzee akajibu: "Hapa ndipo tunaanza."

Njia ya vumbi

Tulipumzika siku moja kwa ndugu, mu Lubumbashi, kisha tukashika njia ya Kasenga, kilometa zingine zaidi ya 200. Mbele yetu kulikuwa vipande virefu vya vumbi jekundu, na upande wa kushoto, mbali, milima ya Kundelungu. Magari yakapungua. Watu wakaongezeka, maana mu mukini kila mutu alitaka kujua.

"Muko munaenda wapi na ule muzee?"

"Tuko tunamurudisha kwabo."

"Na kinga?"

"Na kinga. Ndivyo alikujaka."

Mahali pengi waliokuwa wanauliza wakitucheka waliishia kutupatia mihogo na maji. Mama mmoja aliyeuza viazi alikataa makuta yetu. Alisema baba yake pia aliendaka ku mine, na mpaka leo wanangoja.

Siku ya 7 tangu kutoka Likasi miguu ya muzee ilivimba. Kukaa kutwa nzima na miguu ikining'inia si kitu kidogo kwa mutu wa umri ule. Tulisimama ku kituo cha afya, muganga akamupima, akasema moyo uko sawa ila miguu inataka kulala juu. Saa ile ile gari la samaki lilikuwa linapita tupu kuelekea Luapula. Dereva, kijana mwenye heshima, alishuka akasema: "Muzee, panda mbele kwangu. Sitaki hata franka. Bengine batakukuta kule."

Hapo tulikosana. Mudogo wetu alitaka muzee apande. Kijana hakutaka. Mama wa watoto alisema hakuna sifa itakayomuzuia yeye kumuokoa muzee, na muganga ndiye atakayeamua. Muganga akasema: kama munapumzika siku nzima, na kuanzia hapo munamushusha kila saa atembee hatua kidogo, anaweza kuendelea. Wote tukamuangalia muzee. Akamushukuru dereva kwa mikono miwili, akasema: "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nangoja gari. Ulikuja nyuma ya siku 7. Sasa acha nimalize."

Tulipumzika siku nzima. Tuliweka miguu yake juu ya gunia la unga.

Kumaliza

Tunataka kusema kidogo juu ya kumaliza, maana ndiyo sehemu ambayo watu hawaielezi.

Kulikuwa Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak. Mwaka 1931 alianza Tripoli, kule Libia, akaishuka Afrika yote na kinga mpaka mwisho wa kusini, akairudia yote mpaka Alger, mwaka 1936. Ni kilometa karibu 40,000, na kinga, na miguu, na farasi, na mtumbwi, na nchi yetu pia aliipita. Alikuwa anaandika habari na kupiga picha juu ya kulisha mke na watoto wake 2 waliobaki Poznań. Alifika nyumbani akiwa amechoka na amejaa malaria, na mwaka 1937 akafariki. Alimaliza njia, lakini watu wake walikuwa mbali na njia.

Kuna pia familia ya Marekani, familia Vogel, baba na mama walimu, na watoto mapacha. Mwaka 2008 walitoka Alaska, kaskazini kabisa, wakamaliza Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, mwaka 2011: zaidi ya kilometa 27,000. Watoto walianza wakiwa na miaka 10, wakamaliza na 13. Wale walikuwa na hiari. Walitaka kuiona dunia. Sisi tulikuwa na muzee wa kurudisha. Lakini kuna kitu tunafanana nao: mu kinga mutu mudogo anaona mukubwa akichoka, na mukubwa anaona mudogo akivumilia, na hakuna anayeweza kujificha. Kijana wetu, ambaye nyumbani hakuwa na maneno kwa babu yake, alijua mwishoni kila mukini ambayo muzee alilala mwaka 1967.

Siku ya 10, nyuma ya saa sita ya mchana, harufu ya mto ilitufikia mbele ya mto wenyewe. Tulipofika ku mwembe wa mwanzo wa mukini, muzee alisema: "Munishushe hapa. Nitaingia na miguu yangu." Tukamushusha. Akashika usukani wa ile kinga iliyomubeba, akaisukuma mwenyewe, polepole, kiti cha mbao kikiwa kitupu nyuma. Sisi tulitembea nyuma yake. Watoto wa pale walikimbia mbele kuita.

Dada yake mudogo, naye sasa ni kambo, alitoka nje na mikono yenye unga. Alimuangalia muda mrefu. Kisha akapiga magoti na kupiga makofi, akasema Kibemba cha kwabo: "Mwaiseni, mukwai." Karibuni. Hakusema neno lingine mpaka jioni.

Mjomba wa kinga alikufa zamani. Mwanawe yuko, naye mutu mukubwa. Asubuhi iliyofuata muzee aliomba tufungue kiti cha mbao, akaisukuma kinga mpaka ku nyumba ya yule binamu, akaiegemeza ku ukuta. Alisema: "Ya baba yako. Ilichelewa." Binamu aliikagua gurudumu, akapima munyororo na kidole, akasema ile ya zamani ilikuwa na kengele. Wazee wote wakacheka mpaka machozi.

Kiti cha mbao kilibaki kwa muzee. Anakikalia mbele ya mulango, akiangalia upande wa maji.

Sisi tulirudi watu 5 na kinga 3. Mama na binti walipanda gari la samaki, sisi wengine tulipiga pedali. Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi zaidi kwa mzigo, na nzito zaidi kwa moyo, sababu tulijua kwamba nyumba ya Likasi sasa ina kitanda kitupu. Wengine wametuambia: mumetupa muzee mbali na hospitali. Tumelisikia lile neno na hatulikasirikii, maana hata sisi tulijiuliza njiani. Lakini yeye ndiye aliyeomba, na ndiye aliyekataa gari. Kila mwezi tunatuma dawa zake na mutu wa samaki.

Sasa, karatasi

Mu Likasi, Kambove na Kolwezi leo kuna vijana wengi waliotoka Kasaï, Lomami, Tanganyika na Luapula yetu. Wengine waliitwa na mwajiri, wengine walijileta kama muzee. Sendika haiwezi kubadilisha karatasi ya mwaka 1967. Ila ya leo tunaweza kuiangalia pamoja.

Kwanza, mbele ya kutia sahihi, soma lieu d'engagement. Kama uliitwa kutoka Kamina au Mwene-Ditu, usikubali kuandikwa Likasi juu tu sahihi inatiwa Likasi. Waambie waandike mahali ulipotolewa.

Pili, chunga ushahidi: barua ya kukuita, tikiti ya treni au ya basi, ujumbe wa telefone wa yule aliyekutafuta. Vipeleke mu bahasha moja na kontra, na mama wa nyumba ajue bahasha iko wapi.

Tatu, andikisha muke na watoto wote ku kompani, kila mutoto anapozaliwa, sababu sheria inasema juu ya mufanyakazi na familia yake, na familia isiyoandikwa ni kama haiko.

Nne, kazi ikiisha, omba safari yako mara moja na kwa maandishi, na uchunge kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usingoje miaka. Haki inayongoja inazeeka kuliko mwenyewe.

Na kama huna uhakika karatasi yako inasema nini, sababu imeandikwa Kifaransa kigumu, ilete kwa mjumbe wenu wa sendika. Hakuna haya ya kutosoma. Muzee wetu alitia kidole mu wino mwaka 1967 bila kujua kilichoandikwa juu ya ile alama, na alilijua nyuma ya miaka zaidi ya 30. Wewe uko na jioni ya leo: fungua sanduku, uitoe, uisome.